Tupeane uzoefu: Nakala za kuchoma zilivyotuachisha kununua filamu Kigoma

Mwana Mwanga: Jana nimeona duka nililonunulia filamu zangu zote linauza kava za simu, nikakumbuka kwamba niliacha kununua siku niliyorushiwa filamu kumi kwenye memori kadi. Wenzangu, ninyi mliacha lini?

Mama Gungu: Mimi nilikuwa muuzaji. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, wateja walimiminika kuulizia filamu zake, nami nikakopa kikoba na kuagiza katoni mbili za nakala halisi kutoka Dar es Salaam. Basi lilinasa kwenye matope, mzigo ukachelewa siku tatu. Nilipoupanga dukani hakuna aliyeuliza hata bei, kwani kijana mmoja mwenye kompyuta alikuwa ameshapata diski moja na kuwachomea watu mtaa mzima. Jioni nikawakuta wanangu wanatazama filamu ileile niliyoikopea, kwenye diski isiyo na kasha, na nikashindwa kuwagombeza kwa sababu walikuwa wanamlilia marehemu. Marejesho niliyalipa kwa kuuza migebuka.

Mvuvi Katonga: Pole sana, dada. Hata kwetu ilikuwa hivyo.

Mwalimu Ujiji: Pole, dada, lakini si kila aliyechomewa ni mnunuzi aliyepotea, maana wengi hawakuwa na uwezo wa kununua. Marekani ilipoufunga Megaupload, mtandao ambao watu walipakulia filamu bila kuzilipia, Januari 2012, kuna watafiti walioona mauzo ya filamu mtandaoni yakipanda, na wengine wakaona filamu nyingi za kawaida zikipungukiwa mapato katika kumbi za sinema, labda kwa kuwa waliokuwa wakizisimulia kwa wenzao walipungua.

Mama Gungu: Mwalimu, masimulizi hayakulipa kikoba. Aliyekuja kuulizia kabla ya mzigo alikuwa na fedha mkononi, na baada ya siku tatu alikuwa nazo bado, ila hakuona tena sababu ya kuzitoa.

Mvuvi Katonga: Hapo umesema kweli.

Fundi Deki: Dawa ilikuwa kushusha bei mapema.

Mwana Mwanga: Bei gani itashindana na bure? Hata stempu za kodi za mwaka 2013, zilizobandikwa kwenye nakala halisi za filamu, zilimsaidia tu mteja aliyetaka nakala halisi, na huyo ndiye aliyekuwa ametoweka.

Binti Kibirizi: Mama, ya kwangu ya kuchomewa hukwama kabla ya mwisho, na miaka yote hii sijajua ilivyoisha. Umebakiwa na halisi?

Mama Gungu: Ninazo saba, mwanangu. Njoo jioni, bei ni ileile ya 2012.