Naomba ushauri: riwaya za malkia zimenivuruga kichwa

Ndugu wasomaji, nisaidieni. Kwa miezi kadhaa nimezama kwenye riwaya za kihistoria kuhusu wake sita wa Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza, na sasa nashindwa kutenganisha hadithi na yaliyotokea kweli.

Mchukueni Catherine wa Aragon. Riwaya nilizosoma humwonyesha akiwa mtu mzima, kapiga magoti, analia, mume kashamchoka. Nilipofungua kitabu cha historia ndipo nikakuta kwamba mwaka 1513, Henry akiwa vitani Ufaransa, ni yeye aliyeachiwa nchi, na jeshi la Uingereza likamuua mfalme wa Uskoti huko Flodden. Mbona hilo linarukwa? Au machozi ndiyo yanayouza?

Kwa Anne Boleyn tatizo ni jingine. Wanahistoria bado wanabishana kama alizaliwa 1501 au 1507, lakini mtunzi hana budi kuchagua, na uchaguzi huo unageuza kisa kizima. Mfalme alipoanza kumwandama, karibu 1526, alikuwa msichana wa miaka 19 au mwanamke wa 25? Si jambo dogo.

Anne wa Cleves, aliyeachwa ndani ya miezi saba na kufa wa mwisho kati yao wote, hata sura moja hapewi!

Sasa nianze na historia ndipo nisome riwaya, au kinyume chake? Rafiki yangu ananiambia niache kukagua, nifurahie tu. Nimejaribu, nimeshindwa. Wenye uzoefu, ninyi mnafanyaje?