Kadi za memori zinakufa, mtindi haugandi: naombeni ushauri kuhusu Raspberry Pi yangu

Sebule_Moro:

Wakuu, habari za jioni. Niko Morogoro. Nina Raspberry Pi 4 ya RAM GB 4, kompyuta ndogo ya ubao mmoja ambayo mfumo wake unakaa kwenye kadi ya memori; iko juu ya kabati la sebuleni na kufanya kazi usiku na mchana. Inatunza picha za familia kwenye hard diski ya nje ya TB 1, na inawapa watoto Wikipedia ya Kiswahili kupitia programu ya Kiwix bila kula bando. Tangu mwaka huu pia inanisaidia kugandisha mtindi. Hiyo ya mwisho naipenda sana, kwa sababu mimi ni mtu wa kompyuta lakini napenda na jiko.

Nimetengeneza boksi la mbao. Ndani kuna globu ya nyuzi ya wati 40, sufuria ya maziwa, na kihisi joto cha DS18B20 kimetumbukia kwenye maziwa. Joto likishuka chini ya nyuzi 41 rilei (swichi inayoendeshwa na Pi) inawasha globu, likifika 44 inaizima. Nimeweka na kinga: likizidi 60, globu inafungwa kabisa mpaka niifungue mwenyewe kwa mkono, maana sitaki kuunguza nyumba nikiwa nimelala.

Sasa shida ni mbili. Tangu Februari kadi tatu za memori zimekufa. Umeme unakatika, ukirudi mashine haiamki: taa nyekundu inawaka, ya kijani kimya. Muuzaji akanishauri ninunue kadi kubwa zaidi. Nikanunua, nayo haikumaliza wiki sita.

La pili ni joto. Usiku kipimo kinaruka kutoka 43 hadi 85 kwa mara moja, kinga inafunga globu, asubuhi nakuta maziwa yamepoa na bado ni maji. Mwanzoni niliamini yamechemka kweli, kwa sababu 85 ndiyo nyuzi ninayopashia maziwa kabla ya kuyapooza. Lita mbili kila mara. Mke wangu hasemi kitu, anamwaga tu, na mimi inaniuma.

Kilichonifanya niandike leo ni kwamba juzi folda moja ya picha imekataa kufunguka. Humo mna picha za marehemu baba. Natumia chaja ya simu ya volti 5, ampia 2. Ninunue kitu gani?

FundiSolda:

Pole sana mkuu. Usinunue kitu kwanza. Chomoa hiyo diski sasa hivi, ipeleke kwenye kompyuta nyingine na unakili kila kinachosomeka kwenda diski ya pili. Usiendeshe programu yoyote ya kukarabati faili kabla ya kunakili, kwa sababu ukarabati unaandika juu ya diski ile ile. Nimeona watu wanapoteza vilivyokuwa bado vizima kwa haraka hiyo. Ukishanakili, ndipo ukarabati.

WayaMfupi:

Mkuu, hiyo 85 si joto. DS18B20 inapopata umeme, namba iliyomo kwenye kumbukumbu yake ni 85 kamili. Ukiisoma kabla haijamaliza kupima, inakupa hiyo hiyo 85. Angalia rekodi zako: maziwa ya moto yangepanda 50, 55, 62, halafu yangeshuka pole pole. Yako yametoka 43 yakatua kwenye 85.000 bila kupita katikati. Maana yake kihisi kilizimika kidogo kikawaka tena katikati ya kazi.

Kwa hiyo shida zako mbili naziona ni moja: umeme unaoingia kwenye Pi ni dhaifu. Pi 4 inataka chaja ya volti 5.1, ampia 3. Wewe una ampia 2, na juu yake umetundika hard diski na rilei. Diski ikianza kuzunguka, au rilei ikivuta, volti zinaanguka. Kihisi kinazimika. Na kadi ikiwa inaandikwa wakati huo, au umeme ukikatika moja kwa moja, faili zinabaki nusu nusu.

Andika amri hii utuletee jibu: `vcgencmd get_throttled`. Kisha chukua mita, pima kati ya pini namba 2 (volti 5) na namba 6 (ardhi), diski ikiwa inafanya kazi na globu imewashwa.

Sebule_Moro:

Asante sana wakuu. Picha nimeanza kunakili, mpaka sasa zinasomeka isipokuwa chache, na ile folda imefunguka kwenye laptop ya shemeji. Nimeshukuru Mungu.

Jibu la amri: `0x50005`. Mita inasoma 4.91 mashine ikiwa imetulia. Diski ikianza kuzunguka inashuka hadi 4.58. Waya wa chaja una urefu wa mita mbili.

WayaMfupi:

Basi tumeiona. Hiyo 5 ya mwisho inasema volti ziko chini hivi sasa na mashine imejipunguza kasi. Ile ya mbele inasema yote mawili yameshatokea tangu uiwashe. Pi inaanza kulalamika chini ya volti 4.63 hivi, na wewe umepita hapo. Waya wa mita mbili, mwembamba, unakula volti njiani kabla hazijafika. Tafuta chaja rasmi ya Pi, waya wake umeungwa moja kwa moja na ni mnene. Chaja ya simu iliyoandikwa wati 65 haitakusaidia, kwa sababu wati hizo inazitoa kwa volti za juu, na Pi 4 haiombi zaidi ya volti 5.

Kijana_Luthuli:

Niko Nairobi, salamu kwenu. Mimi ningeachana na Pi kabisa. Tafuta laptop ya zamani iliyovunjika kioo, betri ikiwa bado inashika hata saa moja. Stima ikipotea inaendelea kufanya kazi kwa betri yake, na haina mambo ya kadi. Yangu ina miaka minne hivyo.

FundiSolda:

Si wazo baya, ila hesabu umeme. Laptop ya wati 15 usiku na mchana ni karibu unit 11 za LUKU kwa mwezi. Pi ikila wati 5 ni kama unit 4. Na kwa vihisi na rilei, Pi ina pini zake tayari.

Kukatika kwa umeme kuna dawa yake. Betri ya volti 12, Ah 7 (ampia-saa), ina Wh 84 (wati-saa). Ni ya risasi na asidi, kwa hiyo usiishushe chini ya nusu, ukabaki na Wh 42, na kipunguza volti, cha kushusha 12 ziwe 5, kinakula kidogo. Pi, diski na rauta kwa pamoja kama wati 12: una saa tatu. Chaja yake ishikilie volti 13.6 hadi 13.8, na fyuzi ikae karibu kabisa na ncha chanya ya betri, usiisahau. Kipunguza volti kitoe 5.1 na kiweze ampia 5.

Kisha hamisha mfumo kutoka kwenye kadi uende kwenye SSD (diski isiyozunguka) ndogo ya USB. Pi 4 inawaka kwa USB bila kadi. Kama utabaki na kadi, weka programu ya log2ram ili kumbukumbu za mfumo ziandikwe kwenye RAM badala ya kuandikwa kwenye kadi kila dakika.

MamaMtindi_Tanga:

Kaka, hamjambo. Umeme nawaachia hao, mimi niseme ya sufuria.

Toa hicho kihisi kwenye maziwa. Vile vya bomba la chuma vya bei ndogo hujui ndani wameziba kwa gundi gani. Weka maji ya vuguvugu kwenye sufuria kubwa, chombo cha maziwa kikae ndani yake, kihisi kipime yale maji.

Na globu huihitaji. Pasha maziwa mpaka 85 ukikoroga, yaache hapo dakika chache, yapooze mpaka 43 au 44. Kama huna kipimo, tumbukiza kidole kisafi pembeni: ukivumilia kuhesabu mpaka kumi bila kukitoa, yamefika. Chota vijiko viwili vya mtindi wa jana kwa kila lita, uvuruge kwanza na maziwa kidogo kwenye kikombe usiwe na mabonge, ndipo umimine. Tia kwenye hotpoti uliyoisuuza kwa maji ya moto, funika, vingirisha blanketi. Masaa saba usiguse, usitingishe, usifungue kuchungulia. Umeme ukikatika au usikatike, yeye anaganda.

WayaMfupi:

Mama amemaliza. Hata hivyo kwenye programu yako, kipimo cha 85.000 kamili kinachoruka ghafla kitupwe na kipimwe upya, na kinga ifunge baada ya vipimo vitatu mfululizo vilivyozidi. Kinga yenyewe usiitoe. Kagua pia kama rezista ya kilo-omu 4.7 ipo kati ya waya wa data na volti 3.3.

Sebule_Moro:

Narudi baada ya siku kumi na mbili. Chaja rasmi nimeipata Kariakoo kupitia kwa mdogo wangu. Kwenye pini sasa nasoma 5.08, diski ikizunguka 5.02, na ile amri inajibu `0x0`. Rezista ilikuwepo ila mguu mmoja ulikuwa umelegea, nimeulehemu. Umeme umekatika mara nne tangu hapo na mashine imeamka zote nne, ila najua ni bahati, kwa hiyo betri nafunga Jumamosi na SSD iko njiani.

Picha zote za baba zimepatikana isipokuwa sita. Nakala moja nimempa dada yangu Iringa akae nayo.

Boksi la globu nimelivunja. Jana nimegandisha kwenye hotpoti, kihisi nimekifunga kwa nje chini ya blanketi kwa sababu bado napenda kuona grafu. Saa kumi na mbili asubuhi mke wangu amefungua mwenyewe, akachomeka kijiko katikati kikasimama. MamaMtindi, naomba kuuliza: maji yale ya kijani kijani yaliyojitenga juu niyamwage au niyakoroge?

MamaMtindi_Tanga:

Usimwage kaka. Kandia unga wa chapati.