Fishie imegoma kufutika kwa biro ya ordinateri, munisaidie

Kijana_Himbi: Bandugu, niko hapa Goma, niko na fishie moja ya Excel kwa biro ya ordinateri inakatala kabisa kutoka. Nafinya Delete, inaniambia imefunguliwa ndani ya programu ingine na mimi sijafungua kitu, nazima, nawasha, iko palepale. Lazima iondoke mbele ya siku ya Mungu. Sipati usingizi.

Fundi_Katindo: Kuzima haitoshi petit. Windows 10 na 11 ukizima inalalishaka sehemu ya sistemu ili kesho iwake mbio, kwa hiyo chenye kinashika fishie kinaweza kubaki. Fanya redemare (Restart), yenyewe inazima sistemu yote. Ikikatala, finya Ctrl+Shift+Esc, tafuta Excel kwa liste, iue, halafu futa.

Mama_Ndosho: Mwaka 2021 volkano ilipolipuka mwezi wa 5, tulipoambiwa tutoke tukatembea mpaka Sake, mimi nilifunga laptop mgongoni kwa kitenge kama mtoto, masufuria yote nikaacha, juu picha za ndoa ya binti yangu zilikuwa mule. Nyie munafuta tu. Fikiri kwanza papa.

Kijana_Himbi: Aksanti mama lakini hii si picha. Fundi nimefanya yote, sasa inasema lazima nipate ruhusa ya mutu.

Mutu_wa_Birere: Hii stori imetungwa. Kwanza fishie "imefunguliwa", sasa "ruhusa". Hizo ni shida mbili: ya kwanza programu imeishika, ya pili wewe huna haki juu yake. Anatupotezea megabaiti.

Kijana_Himbi: Sijatunga! Ya kwanza iliisha kisha redemare, njo hii ingine ikatokea.

Fundi_Katindo: Inawezekana. Ila ile mesaji inaandikaka jina la mwenye kutoa ruhusa. Ni nani?

Kijana_Himbi: Ni yaya yangu, mukubwa wangu. Ordinateri ni yake, aliniachia akienda Bujumbura, anarudi siku ya posho. Fishie ni liste ya michango ya matanga ya papa. Kwa mustari wangu ameandika 0 na mimi nilitoa dola 50, ataionyesha famili yote. Kuna kijana wa kartie Virunga anakuja kesho kuformati, afute diski yote, nimeshamupa avansi.

Mama_Ndosho: Matanga ya papa yako mwenyewe! Ongea na yaya yako.

Kijana_Himbi: Hanisikilizake, mimi ni wa mwisho. Nitasema kura (umeme) ilikatika ikaua diski.

Mutu_wa_Birere: Sasa naamini. Uongo wa mbele ulikuwa mubaya, huu ni wa mutu kabisa.

Fundi_Katindo: Angalia kando ya ikoni. Kuna kawingu ao alama ya kijani?

Kijana_Himbi: Ya kijani iko.

Fundi_Katindo: Basi iko OneDrive, maana yake kopi ingine iko kwa internet kwa konti ya yaya yako, anaweza kuifungua hata kwa simu yake. Ukiformati utaua tu kopi ya hapo. Hata ukiifuta, kule inakaa kwa takataka siku 30, anairudisha. Zile 50 ulituma namna gani?

Kijana_Himbi: Kwa simu, mwezi wa 3. Mesaji sina tena, simu iliibiwa.

Fundi_Katindo: Laini ulirudisha? Enda kwa ofisi yao na karte yako, uombe istoriki ya mwezi wa 3. Hiyo njo utapeleka kwa famili.

Kijana_Himbi: Laini niko nayo, kesho asubuhi naenda. Ila huyu kijana wa Virunga, avansi atarudisha?