Naomba ushauri: dagaa niwahifadhi kwenye nini?

Habari zenu ndugu zangu. Nimepanga hapa Mabatini, Mwanza; jiko ni dogo na halina kabati. Nimeanza kutumia vitu vya kutupwa: kopo la maziwa ya unga linabeba vijiko, dumu la lita 5 nimelikata juu na kulitoboa pembeni vitunguu vipate hewa. Hapo nimefurahi kweli.

Tatizo ni dagaa. Nikiwafunga kwenye ndoo ya plastiki wanaota ukungu, hata niwaanike tena juani. Nikiwaacha kwenye kiroba, panya wanakitoboa. Jirani kanishauri ndoo ya rangi, lakini hiyo naiogopa kwa chakula, hata ikioshwa vipi. Wenzangu wa kanda ya ziwa, ninyi mnatumia chombo gani?