Umeme wa jua unabaki mchana Bagamoyo: tutengeneze hidrojeni ya kupikia?

Maji_Mlingotini
Wakuu, habari za kazi. Tuna kisima cha jumuiya upande wa Mlingotini: paneli za kilowati 6, betri za volti 48 na inveta. Tangi hujaa saa 4 na nusu asubuhi, floti inazima pampu, na kufikia saa 6 betri nazo zimejaa. Kuanzia hapo hadi saa 10 kontrola inazibana paneli tu. Kwa hesabu ya mita, siku ya jua kali tunapoteza uniti 12 hivi. Betri za kuongeza hatuna uwezo nazo kwa sasa. Wazo lililopo ni kupasua maji kwa umeme, tuhifadhi hidrojeni kwenye mapipa, na akina mama wanaowapikia wavuvi waitumie badala ya mkaa. Maji ya bahari yapo hapo hapo. Vifaa gani vinahitajika, na uniti 12 zinatoa gesi kiasi gani?

Kemia_Pwani
Gramu 200 tu, mkuu. Kilo moja ya hidrojeni ina joto la uniti 33 na inatokana na lita 9 za maji, lakini mtambo mdogo hula uniti 55 hadi 60 kuitoa. Gramu 200 zako ni uniti 6 na ushei za joto, sawa na nusu kilo ya gesi ya mtungi. Bila kompresa zinajaza lita 2,400, yaani mapipa 12 makubwa. Nusu ya umeme imekwisha kabla sufuria halijapanda jikoni. Jiko la presha la umeme huivisha kilo ya maharage kwa chini ya uniti moja. Chomekeni majiko hayo saa 6 mchana, maharage ya jioni yawe tayari.

Kuhusu mapipa nasema wazi: msijaribu. Mabamba mawili ndani ya ndoo moja yanatoa hidrojeni na oksijeni zikiwa zimechanganyika, na cheche ya nguo inatosha kulipua. Hidrojeni huwaka ikiwa asilimia 4 hadi 75 ya hewa, haina harufu, na moto wake mchana hauonekani kwa urahisi. Ukiipeleka kwenye jiko la gesi ya kawaida, moto unarudi ndani ya bomba. Mtambo halisi una kitambaa maalumu kinachotenga gesi mbili, maji safi yasiyo na chumvi, na potashi kali ya asilimia 25 hadi 30. Mahali pake ni viwandani. Kule Kwekwe, Zimbabwe, kiwanda cha mbolea kilipasua maji kwa umeme kwa miaka mingi, na hidrojeni ikaingia moja kwa moja kwenye kutengeneza amonia.

Maji ya bahari ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu upande chanya utatoa klorini. Ila ninyi mna kisima, na kisima kinaihitaji hiyo klorini kuua vijidudu. Hapo ndipo ningeanzia.

Fundi_Kaole
Naunga mkono, na vipimo vya kutengeneza dawa ya klorini kwa maji ya chumvi ni hivi. Lita 10 za maji, gramu 300 za chumvi, ndoo ya plastiki iliyo wazi. Mabamba mawili ya titani, nafasi kati yao milimita 3 hadi 5, kila moja likiwa na sentimita za mraba 150 hadi 200 zinazotazama mwenzake. Bamba la upande chanya lazima liwe limepakwa oksaidi za ruthenia na iridia (metali mbili adimu), na hapa msibane matumizi. Chuma cha pua kinaliwa na kuachia kromiamu majini, risasi ni sumu, na kaboni ya betri kuukuu inamomonyoka hadi maji yawe meusi. Upande hasi titani tupu inatosha.

Umeme utoke kwenye inveta kupitia pawa saplai ya volti 5, ampea 40, kama zile za mabango ya taa. Ina skrubu ndogo ya kurekebisha volti: anzia chini, pandisha taratibu hadi ampea 20, kisha acha saa 3 na nusu. Maji yakipata moto umeme hupita kwa urahisi zaidi na ampea hupanda zenyewe, kwa hiyo pima tena baada ya nusu saa. Msiunganishe paneli moja kwa moja na mabamba.

Kila ampea moja kwa saa ingetoa gramu 1.32 za klorini kama hakuna upotevu. Chukulieni theluthi mbili: ampea 20 kwa saa 3 na nusu zinaacha gramu 60 hivi, yaani gramu 6 kwa lita, kwa umeme usiofika nusu uniti. Tangi la lita 1,000 linataka gramu 2, ambazo ni mililita 330 za dawa hiyo. Subiri nusu saa, pima kwa vidonge vya DPD, vinavyobadili rangi ya maji yenye klorini: ibaki miligramu 0.5 kwa lita. Ikiwa haikubaki kitu, maji yenu yana uchafu unaoila. Ongeza kidogo, pima tena.

Ndoo ikae kivulini ndani ya beseni la maji. Ikipita nyuzi 40 dawa inageuka kuwa kloreti, ambayo haiui vijidudu. Na hidrojeni bado inatoka hapo, lita 30 na ushei, kwa hiyo fanyeni nje, bila kifuniko, mbali na moto.

Barafu_Sokoni
Hiyo imekula nusu uniti, zimebaki 11 na ushei. Gandisheni maji. Mashine ndogo hula kama uniti 0.1 kwa kilo ya barafu, kwa hiyo mtapata kilo 100 hivi, na kwenye joto letu kilo moja ya samaki inataka karibu kilo moja ya barafu. Makopo ya maji ya kugandisha yatumbukizwe kwenye maji ya chumvi ya asilimia 15, ambayo hayagandi hadi nyuzi 11 chini ya sifuri. Wingu likipita, bafu hilo linaendelea kugandisha hata kompresa ikisimama. Makopo yawe membamba, sentimita 6, kwa kuwa unene ukizidi mara mbili muda unakuwa mara nne. Kabla ya kununua angalieni inveta: kompresa ikiwaka huvuta mara kadhaa ya umeme wake wa kawaida, na ikiwaka pamoja na pampu mfumo wote utazimika.

Maji_Mlingotini
Nimeelewa, hidrojeni tunaiacha. Chumvi ya mashamba ya Nunge itafaa kwa dawa? Na maji ya kisima chetu ni magumu, birika huota magamba.

Kemia_Pwani
Itafaa ikioshwa. Chumvi ghafi ina magnesi, inayoganda kama ukoko mweupe kwenye bamba hasi, na ina bromidi, inayoweza kugeuka bromati isiyotakiwa kwenye maji ya kunywa. Vyote viwili vimo zaidi kwenye yale maji machungu yanayobaki chumvi ikishaganda. Chukua punje kubwa, zisuuze mara mbili kwa maji yaliyokwisha kushiba chumvi ili zisiyeyuke, zichuje. Isiwe chumvi yenye madini joto. Kwa ndoo ya dawa tumieni maji ya mvua.

Ukoko ukitokea, zima umeme, suuza mabamba kwa maji mengi, kisha loweka bamba hasi kwenye siki kwa nusu saa. Siki isikutane kamwe na dawa yenyewe, itafyatua gesi ya klorini usoni. Msigeuze nyaya ili ukoko udondoke. Ukigeuza, ile rangi iliyopakwa bamba chanya inakufa haraka. Dawa ikae kwenye dumu jeusi la plastiki kivulini, kifuniko kikilegezwa siku ya kwanza, na itumike ndani ya siku 3.