Makumbi magumu, na kamba inafumuka

Kidau_Micheweni
Assalaam alaykum. Makumbi ya nazi yamefukiwa pwani miezi miwili. Ukiyapiga, ganda halibanduki na usumba, zile nyuzi za ndani, unakatika vipande vipande. Kamba nayo ikisokotwa inafumuka. Ni ya kufungia dau. Au ninunue katani tu?

Bi_Usumba
Waalaykumu salaam. Miezi miwili haitoshi. Makumbi ya nazi kavu yanataka mitatu kwenda juu, na yakiingia shimoni yamekauka sana hufika sita au zaidi. Kinachoyalainisha ni vijidudu vinavyokula ule ute unaoshikamanisha nyuzi, navyo bila maji havifanyi kazi. Chimba panapofikiwa na maji hata siku za maji mafu, bahari isipojaa sana. Shimo linalongoja bamvua, yale maji makubwa, hukauka katikati, kazi ikasimama. Funika kwa mchanga, juu mawe mazito, maana kumbi likipata upenyo linaelea na kwenda zake.

Kabla ya kufukua yote, jaribu moja. Ganda likibanduka kwa vidole na ule unga wa kahawia ukamwagika, tayari. Piga yangali majimaji, kwa gongo la mti. Jiwe linakata nyuzi. Suuza, anika.

Jarife
Kufumuka ni kwa sababu unasokota na kupota upande mmoja. Kila uzi usokote kulia, halafu zikikutana tatu uzipote kushoto: kila mmoja unataka kurudi, mwenziwe anauzuia. Usumba ongeza kidogo kidogo, na viungo vya nyuzi tatu visiangukie mahali pamoja, hapo ndipo kamba hukatikia. Ukimaliza, ilowanishe uivute baina ya minazi miwili mpaka ikauke.

Katani kwa unene ule ule ina nguvu zaidi, sibishi, lakini maji ya chumvi yanaiozesha upesi na inazama. Usumba unaelea, tena unanyumbuka, wimbi likivuta dau kamba haikatiki ghafla. Mitepe, vile vyombo vya zamani, ilishonwa kwa usumba. Wewe ifanye nene tu. Ukambaa wa miyaa, yaani kamba ya kusuka kwa majani, usiuweke majini kabisa.

Kidau_Micheweni
Ahsanteni. Kumbe shimo lipo juu mno, linapata bamvua tu. Niliyokwisha kuyapiga niyarudishe?

Bi_Usumba
Hayo yaache, usumba uliokatika ujazie mito. Hamisha yale mazima, na usiyaanike njiani.