Simu inasema DNG, kompyuta inasema faili limeharibika. Nani atanilipa usiku wangu?

Wadau, salaam. Nina hasira, na nikisubiri ipoe sitaandika, kwa hiyo mnivumilie.

Napiga picha za shughuli hapa Tanga. Kwenye hina naitwa sana kwa sababu ni mwanamke, na mle ndani mwanamume haingii. Chumba kinakuwa kidogo, kimejaa shangazi na mashoga wa bibi harusi, kamera kubwa haina pa kupita, hivyo natumia simu. Na napiga RAW, yaani picha ghafi ambayo simu haijaipangia rangi. Wenzangu wa fani mnajua kwa nini: dirishani kuna mwanga wa jioni, juu kuna taa nyeupe, mpambaji naye kaweka taa yake ya duara. Ukipiga JPEG ya kawaida, simu imeshakuamulia rangi ya ngozi na hina imekuwa matope. Kwenye RAW ule wekundu wa hina unaurudisha mwenyewe.

Simu nimeibadilisha mwezi uliopita. Ya zamani ilikuwa inahifadhi RAW kwenye faili la aina ya DNG, mpya nayo inatoa DNG. Jina ni lilelile, nishtuke nini?

Jumapili usiku nikahamisha picha 212 kwenye kompyuta, nikafungua programu yangu ya kuhariri, ile niliyoilipia mara moja miaka sita iliyopita na haijawahi kuniangusha. Ikaniambia faili limeharibika. Nikafungua la pili, la kumi, la mwisho. Yote yameharibika. Miguu iliniisha nguvu, nakwambieni. Nikabadilisha waya. Nikahamisha upya. Nikapakua programu ya kufufua mafaili hadi bando likakata saa saba usiku. Asubuhi mama wa binti akapiga: "Mwanangu, picha tunaziona lini? Shangazi zake wa Muscat wananisumbua." Nikamjibu kesho, inshallah, mama, huku moyoni nikiamini picha za mwanawe zimeshapotea. Nimemdanganya mtu mzima aliyeniamini, na hilo ndilo linaloniuma kuliko bando.

Kumbe mafaili yalikuwa mazima! Kilichobadilika ni namna yanavyobanwa ndani. DNG ilitolewa na Adobe mwaka 2004 ili picha za RAW ziwe na muundo mmoja ulio wazi, unaofunguka popote. Mwaka 2023 likaja toleo la 1.7 lililoruhusu picha iliyo ndani ibanwe kwa JPEG XL, njia mpya ya kupunguza ukubwa wa picha. Simu yangu ina njia tatu za kubana: ya zamani, inayokula karibu MB 75 kwa picha moja ya megapikseli 48, JPEG XL isiyopoteza kitu, karibu MB 46, na JPEG XL inayobana zaidi, karibu MB 20. Kijana wa dukani alipoiwasha RAW aliniwekea hiyo ya MB 20 ili simu isijae. Alinitakia mema. Lakini mimi sikuambiwa kwamba programu za zamani hazitaisoma.

Sina ugomvi na JPEG XL. Nimezitazama picha zenyewe, ni nzuri, na kwa sisi tunaonunua bando, MB 20 badala ya 75 ni nafuu kubwa. Ugomvi wangu ni kitu kipya kuvishwa jina la zamani. HEIC, aina nyingine ya faili la picha, ilipoingia kwenye simu mwaka 2017 ilitutesa, lakini angalau ilijitaja: unaona herufi hizo mwishoni mwa jina, unajua hii ni nyingine, unatafuta dawa. Hii imejificha ndani ya DNG.

Na nyie watengenezaji wa programu msijifiche nyuma ya mtengenezaji wa simu. Ndani ya DNG kuna sehemu maalumu ya kuweka alama inayotaja toleo la chini kabisa linaloweza kuisoma. Yaani jibu limo ndani ya faili lenyewe! Programu ilishindwa nini kuisoma alama hiyo na kuniambia "faili hili ni la toleo jipya kuliko mimi"? Sentensi moja tu, nami ningelala. Badala yake inasema limeharibika, jambo ambalo si kweli, halafu chini yake inaniwekea kitufe cha kulipia kila mwezi.

Nilichofanya: nimechukua kigeuzi cha bure cha DNG cha Adobe, nikachagua toleo la zamani kwenye upande wa ulinganifu, nikakiacha kikifanya kazi mchana kutwa. Mafaili yamevimba, diski inalia, ila yamefunguka yote 212. Picha nimezipeleka jana jioni. Mama hakusema neno, alilia tu alipoiona ile ya bibi akimshika binti mkono wenye hina mbichi.

Simu nimeirudisha kwenye njia ya zamani, MB 75 kwa picha, na nafasi itaniishia kabla ya mwezi kwisha. Sasa nauliza: kuna mwenye programu ya kulipia mara moja, siyo ya kila mwezi, inayofungua hizi DNG mpya kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 8? Aliyeijaribu mwenyewe tafadhali, siyo aliyesikia. Nina hina nyingine Alhamisi.